Mbio za Jibu la Kwanza: Historia ya Kasoro ya Huduma ya Majina ya Intaneti na Ukarabati Wake

Huduma ya majina ya intaneti, inayojulikana kwa kifupi kama DNS, ndiyo inayobadili jina lililoandikwa kwa herufi, kama vile katavi.go.tz, likawa namba ambayo kompyuta moja huitumia kuifikia nyingine. Kwa kuwa binadamu hukumbuka majina ilhali mitambo huelekezana kwa namba, karibu kila tendo la mtandaoni, liwe la kulipa ankara, kusoma barua pepe au kupeleka taarifa za mapato ya halmashauri, hutanguliwa na swali moja au kadhaa kwa huduma hii. Mkazi wa kata ya Ilembo katika Manispaa ya Mpanda hana haja ya kulijua hilo, maana swali hutoka kwenye simu yake, likapokewa na seva ya kampuni inayompa mtandao, na jibu likarudi kabla hajainua kidole. Mwanzoni mwa mwaka 2008 iligundulika kwamba jibu hilo lingeweza kughushiwa na mtu aliye popote duniani, bila kuvunja nywila na bila kuigusa kompyuta ya anayedanganywa. Kasoro ya namna hiyo huitwa kasoro inayotumika kutoka mbali, na wataalamu huiogopa kuliko nyingine kwa sababu mvamizi hahitaji ruhusa, akaunti wala ukaribu wowote na kile anachokishambulia. Ukarabati wake kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha siku moja, tarehe 8 Julai 2008, ambapo makampuni makubwa ya programu yalitoa masahihisho kwa pamoja. Lakini anayeufuatilia kutoka upande wa waliopaswa kuyapokea masahihisho hayo, ikiwemo Afrika Mashariki ambayo wakati huo bado ilitegemea satelaiti, huona kazi ya miaka mingi, na huona pia kwamba kilichotolewa siku ile kilimchelewesha mvamizi tu bila kumfungia njia.

Chanzo cha kasoro ni cha zamani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, majina ya kompyuta zote zilizounganishwa katika mtandao wa utafiti wa Marekani yalikuwa yameorodheshwa katika faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na kikundi cha Elizabeth Feinler katika taasisi ya SRI huko Menlo Park, California, na kila kituo kililazimika kunakili faili hilo mara kwa mara ili kisipitwe na mabadiliko. Mtandao ulipopanuka, utaratibu huo ulielemewa. Mwezi Novemba 1983 Paul Mockapetris, akiwa Chuo Kikuu cha Southern California, alichapisha maelezo ya mfumo uliogawanya madaraka: mzizi mmoja juu, chini yake kanda kuu kama .com na baadaye kanda za nchi kama .tz, na chini ya kila ukanda wenye wake wakijitunzia majina yao. Mwaka uliofuata wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley waliandika programu iliyoutekeleza mpango huo, BIND, ambayo kwa miongo iliyofuata ikawa ndiyo inayotumika zaidi duniani kwa kazi hiyo, na ambayo baadaye ilipata mlezi wa kudumu katika shirika la ISC lililohusishwa sana na jina la Paul Vixie.

Mfumo huo ulijengwa juu ya imani. Seva ya utafutaji, yaani ile inayotafuta majibu kwa niaba ya wateja, hutuma swali lake kwa pakiti moja ndogo isiyofunguliwa mazungumzo yoyote, kisha hungoja pakiti moja irudi. Ili kulitambua jibu lake kati ya mengine, hulipa kila swali namba ya utambulisho kati ya 0 na 65,535, na jibu lenye namba inayolingana hukubaliwa kuwa la kweli. Jibu lililokubaliwa huwekwa katika hifadhi ya muda kwa kipindi alichokipanga mwenye jina, mara nyingi saa kadhaa au siku nzima, ili seva isilazimike kuuliza upya kila mteja anapokuja na swali lile lile. Kwa hiyo, mtu akifaulu kupenyeza jibu la uongo lenye namba sahihi kabla la kweli halijafika, kama tarishi bandia anayewahi kubisha hodi kabla ya tarishi halisi, seva italipokea, italihifadhi, na itawagawia wateja wake wote. Kitendo hicho huitwa kutia sumu katika hifadhi.

Hatari hiyo haikuwa siri kwa wachache waliobobea. Steven Bellovin, aliyekuwa mtafiti katika maabara za AT&T, aliuona udhaifu wa mfumo wa majina mwaka 1990, akauandikia makala, kisha akaizuia isichapishwe kwa sababu hapakuwa na dawa ya kutoa pamoja na ugonjwa; ilichapishwa mwaka 1995. Mwaka 1997 Eugene Kashpureff, Mmarekani aliyepinga jinsi usajili wa majina ulivyohodhiwa na shirika moja, alitia sumu hifadhi za seva nyingi, wageni waliotafuta tovuti ya usajili ya InterNIC wakajikuta kwenye tovuti yake mwenyewe. Alikamatwa Kanada, akarejeshwa Marekani, na mwaka 1998 akakiri kosa. Masahihisho yaliyofuata yalizuia mbinu aliyoitumia, yaani kuambatisha habari za jina lisiloulizwa kabisa, na tangu hapo wengi waliamini kwamba tatizo limepungua hadi kuwa bahati nasibu isiyo na faida: mvamizi apate namba moja kati ya 65,536 katika muda wa sehemu ya sekunde, na akikosa, jibu la kweli linaingia kwenye hifadhi, naye analazimika kungoja siku nzima ndipo ajaribu tena. Daniel Bernstein, mtaalamu wa hesabu wa Marekani, hakuridhika na hesabu hiyo, na programu yake ya djbdns ilikuwa ikibadilisha ovyo si namba ya swali tu bali pia mlango ambao swali hutokea. Lakini Bernstein alikuwa na sifa ya ukali wa maneno, na huenda ndiyo maana wengi walimsikiliza nusu nusu.

Dan Kaminsky, mtafiti wa kampuni ya IOActive aliyekuwa na umri wa chini ya miaka 30, aliivunja hesabu ya bahati nasibu mwanzoni mwa 2008, akiwa hasa anatafuta jambo jingine kuhusu kuharakisha mawasiliano. Ugunduzi wake unaeleweka vizuri kwa mfano. Tuseme mvamizi anataka kuuteka ukanda unaoitwa mfano.go.tz. Badala ya kuuliza jina la tovuti yenyewe, ambalo jibu lake la kweli lingehifadhiwa na kumfungia mlango kwa siku nzima, anaifanya seva ya utafutaji iulize jina lisilokuwepo, kwa mfano aaa1.mfano.go.tz, huku akiimwagia majibu ya uongo yenye namba za kubahatisha. Akikosa, hakuna hasara, kwa sababu kilichohifadhiwa ni kwamba aaa1 haipo. Anaendelea na aaa2, kisha aaa3, na mbio zinaanza upya papo hapo kadiri anavyotaka. Siku atakayoipata namba, jibu lake la uongo halisemi lolote la maana kuhusu aaa2957, bali linaambatisha maelezo kwamba seva yenye mamlaka juu ya ukanda wote wa mfano.go.tz sasa iko kwenye namba fulani, ambayo ni kompyuta ya mvamizi. Maelezo hayo yanahusu ukanda ule ule ulioulizwa, hivyo kinga zilizowekwa baada ya kisa cha Kashpureff haziyakatai. Tangu dakika hiyo kila barua pepe na kila mgeni wa ukanda huo hupita mikononi mwa mvamizi.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwa hesabu fupi. Pakiti moja ya jibu la uongo ina ukubwa wa takriban baiti 100, yaani biti 800, hivyo mtu mwenye njia ya megabiti moja kwa sekunde, kiasi ambacho mwaka 2008 hakikuwa cha ajabu hata katika ofisi ya wastani, angeweza kutuma makisio 1,250 kila sekunde. Na kwa kuwa namba zilizokuwapo ni 65,536, angefanikiwa kwa wastani katika muda usiofika dakika moja.

Kaminsky alimwendea kwanza Paul Vixie, na wote wawili wakaona kwamba kulitangaza jambo hilo kabla ya tiba kungekuwa kuwapa wahalifu dunia nzima. Tarehe 31 Machi 2008 wahandisi 16 walikutana kwa siri katika makao ya Microsoft huko Redmond, jimbo la Washington, wakiwa wametoka kwa watengenezaji mbalimbali wa programu za majina, baadhi yao mahasimu wa biashara. Walichokubaliana kilikuwa ni dawa ile ile ya Bernstein: kila swali litoke katika mlango uliochaguliwa ovyo. Mlango hapa ni namba inayoonyesha ni mawasiliano yapi ndani ya kompyuta pakiti inayoyahusu, na milango inayoweza kutumika kwa kazi hiyo inakaribia 64,000. Hivyo mvamizi angelazimika kubahatisha namba mbili kwa pamoja, na yule wa megabiti moja, aliyehitaji dakika, angehitaji zaidi ya mwezi mzima wa kumwaga pakiti bila kupumzika. Dawa hiyo ilikuwa na fadhila nyingine, kwamba ilibadilisha tabia ya seva bila kuonyesha waziwazi kasoro ilikuwa ipi, na kwa hiyo ingeweza kutolewa kabla ya maelezo. Jumanne ya tarehe 8 Julai 2008 Microsoft, ISC, Cisco na wengineo walitoa masahihisho yao siku moja, jambo ambalo kwa kiwango hicho halikuwa limewahi kutokea, na Kaminsky akawaomba watafiti wenzake wasikisie hadharani mpaka atakapoeleza yote kwenye mkutano wa Black Hat mjini Las Vegas tarehe 6 Agosti.

Ombi hilo liliheshimiwa kwa siku 13. Tarehe 21 Julai mtafiti wa Kijerumani Thomas Dullien, anayejulikana pia kwa jina la Halvar Flake, alikisia hadharani na akakaribia sana ukweli. Kampuni moja iliyokuwa imeelezwa siri ikathibitisha kwa bahati mbaya, na ingawa ilifuta maandishi yake haraka, nakala zilikuwa zimeshaenea. Tarehe 23 Julai programu ya kutekelezea uvamizi huo iliongezwa katika Metasploit, mkusanyiko wa zana unaotumiwa na wakaguzi wa usalama na wahalifu vilevile, hivyo hata asiyeelewa nadharia akaweza kujaribu. Kabla ya mwezi kwisha seva ya AT&T huko Texas ilikuwa imetiwa sumu, na miongoni mwa walioelekezwa kwenye ukurasa bandia wa Google walikuwa wafanyakazi wa kampuni alimoajiriwa H. D. Moore, mwasisi wa Metasploit. Dhihaka hiyo ya majaliwa ilizungumzwa sana wakati huo, pengine kuliko tukio lenyewe lilivyostahili.

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kutoa masahihisho ni jambo moja, na kuyasakinisha, yaani kuyaweka na kuyawasha katika mashine inayofanya kazi, ni jambo jingine. Wataalamu wa Austria walipima seva za utafutaji za nchi yao wiki mbili baada ya tarehe 8 wakakuta zaidi ya theluthi mbili hazijasahihishwa, nayo Austria si nchi maskini wala isiyo na mafundi. Sababu zilikuwa nyingi na baadhi zilikuwa halali. Toleo la kwanza la BIND lililosahihishwa lilizorota katika seva zilizojibu maswali zaidi ya 10,000 kwa sekunde, ISC ikalazimika kutoa toleo jingine. Watumiaji wa programu moja maarufu ya kinga walipoteza intaneti kabisa baada ya kupokea masahihisho ya Microsoft, kwa sababu kinga hiyo haikutarajia maswali kutoka milango mipya. Apple haikutoa yake mpaka mwisho wa Julai.

Kikwazo kilichojificha zaidi kilikuwa mstari mmoja katika faili la mipangilio la BIND. Kwa miaka mingi wasimamizi wa mifumo walikuwa wamezoea kuilazimisha seva itume maswali yote kupitia mlango namba 53, ili iwe rahisi kuiruhusu kupita katika ngome ya mtandao, yaani kifaa kinachochuja pakiti zinazoingia na kutoka. Mstari huo ulipobaki, programu mpya iliutii, na masahihisho yote yakawa bure ingawa toleo lililoandikwa kwenye skrini lilikuwa sahihi. Msimamizi aliyesakinisha toleo jipya, akaona limewaka na kuondoka, aliiacha seva ikiwa wazi kama ilivyokuwa asubuhi. Kikwazo cha pili kilikuwa ruta zinazoficha mtandao wa ndani nyuma ya anwani moja ya nje, kwa utaratibu unaoitwa NAT: ruta nyingi za namna hiyo zilichukua milango iliyochaguliwa ovyo na seva, zikaibadilisha kuwa milango inayofuatana, 1,025, 1,026, 1,027, na hivyo kumrudishia mvamizi urahisi wote aliokuwa amenyang'anywa. Ndiyo maana shirika la DNS-OARC liliweka hadharani kipimo kilichoangalia milango inavyoonekana kutoka nje, likiipa kila seva daraja, kwa kuwa kuikagua seva kutoka ndani hakukuthibitisha kitu.

Kikwazo hiki cha pili kiligusa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Mwaka 2008 Mpanda ilikuwa bado makao makuu ya wilaya ndani ya Mkoa wa Rukwa, kwani Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012. Reli ya tawi kutoka Kaliua, iliyofika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, ilikuwa bado ndiyo njia ya kutegemewa zaidi wakati wa masika, na umeme wa mji ulitoka katika jenereta za dizeli nje ya gridi ya taifa. Tanzania, Kenya na Uganda hazikuwa na mkongo wa baharini hata mmoja, hivyo mawasiliano ya intaneti na ng'ambo yalipanda hadi satelaiti iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta na kushuka tena, safari inayolichukua swali na jibu lake zaidi ya nusu sekunde. Katika mtandao wa namna hiyo anwani za nje zilikuwa chache na za kulipiwa, na ofisi, shule au kituo cha intaneti chenye sahani ya satelaiti kwa kawaida kilijificha nyuma ya ruta moja yenye NAT.

Ucheleweshaji wa satelaiti ulikuwa na maana yake katika historia hii. Chini ya hesabu ya kale, kabla ya Kaminsky, mvamizi alikuwa na nafasi moja tu kwa siku, na ukubwa wa nafasi hiyo ulitegemea muda ambao jibu la kweli lilikuwa njiani. Seva iliyongoja zaidi ya nusu sekunde ilimpa muda mara nyingi zaidi ya ile iliyojibiwa kwa milisekunde 20 barani Ulaya. Hivyo kwa takriban muongo mzima imani kwamba hatari ni ndogo ilikuwa imejengwa juu ya kasi ya mitandao ya nchi tajiri, nayo haikuwahi kuwa kweli kwa kiasi kile kile kwa seva iliyokaa Dar es Salaam ikisubiri jibu kutoka Virginia. Mbinu ya Kaminsky, kwa kuanzisha mbio upya bila kikomo, iliondoa tofauti hiyo na kuwaweka wote katika hatari moja. Kwa upande mwingine wembamba wa njia ya satelaiti ulikuwa kinga ya aina yake dhidi ya mvamizi wa ng'ambo, ambaye mafuriko ya pakiti zake yangeijaza njia na kugunduliwa upesi, ingawa haukumzuia aliyekuwa ndani ya mtandao ule ule.

Umiliki wa ukanda wenyewe ulikuwa bado unahama. Ukanda wa .tz ulisajiliwa mwaka 1995, katika kipindi ambacho nchi nyingi za Afrika zilisaidiwa kuendesha kanda zao na wahandisi wa kujitolea wa ng'ambo, Randy Bush wa Marekani akiwa miongoni mwao. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, pamoja na chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA, waliunda kituo cha usajili cha tzNIC mwaka 2006, na mwaka 2010 usimamizi wa .tz ulikabidhiwa rasmi kwake. Wakati huo huo maarifa ya kuendesha seva za majina yalikuwa yakisambazwa na AfNOG, jumuiya ya waendeshaji wa mitandao barani, ambayo tangu mwaka 2000 iliwakalisha mafundi wa nchi mbalimbali mbele ya mashine halisi wakasakinisha BIND kwa mikono yao, wakaiharibu na kuitengeneza upya. Mwaka 2011 mafunzo hayo yalifanyika Dar es Salaam. Ni haki kusema kwamba mafunzo hayo, yasiyo na mbwembwe, yaliziba mianya mingi kuliko matangazo ya makampuni, kwa sababu mstari wa mlango 53 haufutiki kwa tangazo.

Kwamba dawa ya Julai 2008 ilikuwa ya kuchelewesha tu kulithibitishwa haraka. Mwezi Agosti mwaka huo mwanafizikia wa Urusi, Evgeniy Polyakov, aliishambulia seva iliyosahihishwa kikamilifu akiwa ameunganishwa nayo kwa njia ya gigabiti moja, naye akafaulu kuitia sumu baada ya takriban saa kumi. Tiba halisi ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi tangu mwaka 1997 na kuandikwa upya mwaka 2005 chini ya jina la DNSSEC: kila jibu liambatane na saini ya kidijitali, yaani alama ya kihesabu ambayo mwenye ufunguo wa siri pekee anaweza kuitengeneza, lakini ambayo yeyote mwenye ufunguo wa wazi anaweza kuihakiki. Ukanda wa mzizi huthibitisha ufunguo wa .tz, .tz huthibitisha ufunguo wa ukanda ulio chini yake, na mnyororo huendelea hadi kwenye jina lililoulizwa. Jibu la kughushi, hata lipatie namba na mlango, hukataliwa kwa kukosa saini. Kwa miaka mingi watu waliuona mpango huo kuwa mzito usio na sababu. Baada ya Kaminsky sababu ilipatikana, na serikali ya Marekani ikaagiza mwezi Agosti 2008 kwamba ukanda wa .gov utiwe saini.

Mzizi ulitiwa saini tarehe 15 Julai 2010. Ufunguo wake ulizaliwa mwezi mmoja kabla, tarehe 16 Juni, katika chumba chenye ulinzi huko Culpeper, Virginia, mbele ya kamera na mashahidi, na tangu hapo sherehe kama hiyo hurudiwa mara nne kwa mwaka, zamu kwa zamu na kituo cha El Segundo, California. Ufunguo hukaa ndani ya kifaa kilichotengenezwa ili kijifute kikichokonolewa. Kifaa hukaa ndani ya sefu, na kadi za kukiwasha hukaa katika sefu nyingine, kila moja ndani ya kisanduku ambacho ufunguo wake wa chuma anao mtu mmoja aliyetoka nchi yake kwa ndege, na angalau watu watatu kati ya saba wa kituo hicho hulazimika kuwapo. Miongoni mwa waliochaguliwa mwanzoni, wakiwemo walinzi wa vipande vya kufufulia ufunguo endapo vituo vyote viwili vitaangamia, walikuwemo Waafrika kutoka Benin, Burkina Faso na Mauritius, na Kaminsky mwenyewe alikuwa mlinzi wa kipande kimoja hadi alipofariki Aprili 2021 akiwa na miaka 42.

Katika miaka iliyofuata .tz, .ke na .ug nazo zilitiwa saini, na hali ya mtandao wenyewe ilikuwa imebadilika. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa tarehe 23 Julai 2009, mwaka mmoja kamili baada ya zana ya uvamizi kuonekana ndani ya Metasploit. Mkongo wa EASSy ukafuata mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ukayafikisha mawasiliano hayo mikoani. Sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010 iliweka msingi wa kuundwa kwa kikosi cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mitandao, TZ-CERT, kinachofanya kazi chini ya TCRA, ambacho moja ya kazi zake ni kuwaarifu wasimamizi wa mifumo kuhusu kasoro na masahihisho yanapotokea. Hata hivyo saini peke yake haimlindi mkazi wa Ilembo ikiwa seva ya kampuni yake ya simu haiihakiki, na uamuzi wa kuwasha uhakiki huo uko mikononi mwa mhandisi wa kampuni, ambaye huupima dhidi ya malalamiko atakayoyapata siku ambayo ukanda fulani utakosea saini zake na wateja wake washindwe kuufungua. Hofu hiyo si ya kubuni: ufunguo wa mzizi ulipangwa kubadilishwa mwezi Oktoba 2017, lakini zoezi likaahirishwa kwa sababu ilionekana kwamba seva kadhaa zilikuwa bado zinashikilia ufunguo wa zamani peke yake, likafanyika tarehe 11 Oktoba 2018.

Njia ya zamani ilirudi kubishiwa hodi mwaka 2020, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Riverside na wa Tsinghua, China, walipoonyesha kwamba mlango uliofichwa ovyo unaweza kugunduliwa kwa kuchunguza jinsi kompyuta inavyojiwekea kikomo cha kutuma ujumbe wa hitilafu. Mlango ukishajulikana, mvamizi anabakiwa na namba moja tu ya kubahatisha, kama mwaka 2008. Masahihisho safari hii yaliwekwa katika kiini cha mifumo ya uendeshaji, Linux ikiwa mojawapo, kwa kukifanya kikomo hicho chenyewe kisitabirike.

Tarehe 13 Februari 2024 ikawa zamu ya DNSSEC. Watafiti wa kituo cha ATHENE nchini Ujerumani walitangaza kasoro waliyoiita KeyTrap, iliyotokana na sharti la kiwango chenyewe kwamba seva inayohakiki ijaribu kila ufunguo na kila saini inayoweza kulingana nao kabla ya kukata tamaa. Mvamizi aliyeunda ukanda wenye funguo na saini nyingi za kufanana angeweza, kwa pakiti moja tu, kuifanya seva izame katika hesabu isijibu mteja yeyote, na katika baadhi ya matoleo ya BIND kazi hiyo ingeichukua hadi saa 16. Sharti hilo lilikuwa limekaa ndani ya viwango tangu mwaka 1999, likipita mikononi mwa watu wale wale walioitetea DNSSEC kuwa tiba. Watengenezaji wa programu waliarifiwa kwa siri miezi kadhaa kabla, wakakubaliana kuweka kikomo cha idadi ya majaribio ambacho kiwango hakikukiruhusu waziwazi, wakatoa masahihisho yao kwa pamoja, na kuanzia siku hiyo kila msimamizi wa seva inayohakiki saini alikuwa na toleo jipya la kusakinisha.